Kitambaa Kisichofuliwa

Joto la wiki ile lilikuwa la kunata mwilini, na kila alasiri radi zilipasuka, mvua ikamwagika. Nguo za wateja zilikaa kambani siku nne bila kukauka, na ukungu ukaanza kuota hata kabatini. Dobi akatoa kila kilichonuka unyevu, akakitumbukiza kwenye beseni, mikono ikienda mbio kwa mazoea. Povu lilipotulia ndipo akakiona kitambaa cha kichwa cha marehemu mama yake, ambacho kwa miaka miwili hakikuguswa na maji, ili kisipoteze harufu yake.

Yeye na dada yake mkubwa walipokezana kukaa nacho; zamu sasa ilikuwa ya dada, naye aliingia jioni hiyo hiyo kukichukua, ameloa chapachapa.

"Dada, nimekifua," dobi alisema hata kabla ya kumkaribisha. "Nisamehe."

Dada mtu akakinusa, akakigeuza, akakinusa tena.

"Sabuni tupu," alisema mwishowe. "Wewe nawe, mdogo wangu! Hata mama umemtia kwenye beseni!"

Wakacheka, kisha wakalia. Nje mvua ilizidi. Dobi akakichukua tena, akawa ananusa pindo moja baada ya jingine, huenda maji yalisahau mahali.