Likizo Isiyo na Pindo

Kitendawili: chungu kimejaa hadi mdomoni, hakina mfuniko wala mlinzi, na wenye nyumba wote wamelala na njaa.

Katika karakana ile ya sare za shule, hapakuwa na mtu asiyejua jibu, na hapakuwa na mtu aliyethubutu kulitaja mbele ya bosi. Jibu ni likizo.

Zamani haikuwa hivyo. Mzee mwenye karakana, kabla magoti yake hayajakataa ngazi, alikuwa akigawa likizo kama mama agawavyo nyama: wewe chako, na wewe chako, na asilie mtu. Wiki tatu kwa mwaka. Zamu yako ikifika, alikuja hadi mezani kwako akakwambia umalize hicho ulichoshika, kisha uende zako, na usirudi mpaka siku fulani. Ukijifanya una kazi nyingi, alikukaripia. Nawe ukatoka umenuna kwa nje, unacheka kwa ndani. Kwa hiyo watu wa pale hawakuwahi kuomba likizo maishani mwao. Walikuwa wakifukuzwa, na kufukuzwa kukawa ndiko heshima yao.

Kisha karakana ikashikwa na mwanawe. Kijana mpole, mwenye moyo mweupe, aliyekulia chini ya meza zile zile akiokota vifungo. Akawakusanya wote mbele ya cherehani, akawaambia mambo ya kuhesabiana siku yamekwisha.

"Ninyi ni watu wazima. Aliyechoka apumzike. Mwenye mgonjwa akauguze, mwenye harusi akacheze. Mshahara uko pale pale. Kuanzia leo likizo haina mwisho."

Makofi yakapigwa. Bi Zipu, aliyepewa jina hilo kwa kushona zipu za sketi na kwa kushindwa kufunga ile ya mdomoni mwake, akapiga vigelegele. Mama Mkasi, mkataji wa vitambaa, alirudi kwake jioni hiyo akiimba njia nzima.

Miezi ikapita. Asiende hata mmoja.

Tazama kazi yenyewe ilivyo. Kitambaa huanzia kwa Mama Mkasi. Yeye hulaza tabaka juu ya tabaka, akachora kwa chaki, akakata. Kutoka kwake vipande huenda kwa washonaji, na mwisho wa yote hufika kwa mpiga pasi, bwana mmoja mnene wanayemwita Mvuke. Mmoja akitoka, rundo husimama mezani kwake kama gari lililoharibika katikati ya njia. Mzee alijua amfukuze nani lini, na nani ashike nafasi yake. Sasa hapakuwa na wa kujua. Walikuwa kama watu waliofika ukingoni mwa mto wasioujua kina, na wote wana adabu, kila mmoja anamwambia mwenzake, "Tangulia wewe." Tena bosi mwenyewe alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka, hata chakula alikula amesimama. Utamuagaje mtu kama huyo?

Mvuke alikuja kazini na homa, macho mekundu kama nyanya. Walipomwambia arudi akalale, alitikisa kichwa.

"Zile za Mzee zilikuwa siku zangu. Hizi ni za kila mtu, na cha kila mtu ukikishika unaitwa mwizi."

Sasa Mama Mkasi alikuwa na binti mmoja tu, wa pekee, aliyeolewa mbali, safari ya basi ya kutwa nzima. Binti alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe ni dereva wa malori, leo yuko, kesho hayuko. Kila jioni simu ililia.

"Mama, unakuja lini?"

"Nakuja, mwanangu."

"Lini?"

"Karibuni."

"Si ulisema likizo yenu haina mwisho?"

"Haina mwisho. Shida yake haina mwanzo."

Binti akacheka kidogo, na kicheko kile kifupi ndicho kilichomkata mama yake maini. Akakata simu, akakaa kitandani na kiatu kimoja mguuni. Alijua binti yake anaogopa. Alijua pia kwamba siku ile ikimkuta mezani na chaki mkononi, hatajisamehe.

Kesho yake akamweleza Bi Zipu, kwa sauti ya chini.

"Mficha uchi hazai, shoga," Bi Zipu akasema, sauti yake haijui chini. "Mwanao yuko mbioni kuzaa, na wewe ndiye unayejificha. Nenda ukaseme."

"Mbona wewe huendi? Dada yako kakualika tangu mwaka jana."

"Mimi namsubiri mtu wa kunitangulia. Mimi ni mnyenyekevu."

"Wewe, mnyenyekevu," akasema Mvuke kutoka kwenye pasi yake, na meza nzima ikacheka.

Bi Zipu, ili kubadilisha mambo, akatega kile kitendawili cha chungu. Wakati huo huo bosi akaingia na robota la kitambaa begani. Vicheko vikakatika.

"Msiniache nje," akasema. "Chungu kimejaa, na watu wana njaa?" Akafikiri, akajaribu kisima, akajaribu kichwa cha mwanafunzi mvivu. "Nimeshindwa. Nawapa mji. Chukueni ofisi yangu, na feni yake."

"Tumepokea," akasema Bi Zipu, akainamia zipu yake kama mtu anayetafuta sindano.

"Na jibu?"

Cherehani zikaanza kulia upya. Bosi akatabasamu tabasamu la mgeni asiyeelewa mzaha wa wenyeji, akashusha robota, akaenda zake. Mama Mkasi akamwonea huruma. Akaweka mkasi chini, akamfuata ofisini.

"Karibu, Mama. Kuna kitambaa kimeharibika?"

"Kizima. Nimekuletea jibu la kitendawili." Akakaa bila kuambiwa. "Ni likizo yako."

Bosi akamwangalia. "Lakini nilisema mchukue mnavyotaka."

"Ulisema, baba. Baba yako alikuwa akitutoa nje. Wewe umeacha mlango wazi, ukakaa hapo hapo mlangoni na kazi mkononi. Nani atakupita?"

"Sijamkataza mtu."

"Hujamkataza. Nikikupa kitambaa nikakwambia kata sketi, urefu upendao wewe, na pindo uweke popote, utakata?"

Akafikiri kweli, kwa haki. "Nitaogopa."

"Basi nasi tumeogopa."

Kijana akajifuta uso kwa viganja. "Nilidhani nawapa kitu kikubwa. Mama yangu alipozidiwa, Mzee alikuwa amekwisha kutumia wiki zake za mwaka ule. Akasema kanuni ni kanuni, hata kwake yeye. Akaja kazini, akamwacha kitandani. Unaikumbuka siku ile?"

Aliikumbuka. Mzee alisimama kando ya meza yake asubuhi yote, akishika ncha ya kitambaa.

"Nikajiambia hapa hatakwama mtu tena hivyo."

"Umejiambia vizuri. Usiifute, baba. Ila tufukuze. Binti yangu yuko karibu kujifungua, na mimi kuomba sijui. Nifukuze."

"Nikufukuze wewe, Mama?"

"Mimi."

Akakohoa, akanyoosha shati. "Mama, kama hutajali, kesho labda… usije."

"Hata mbuzi hatoki kwa sauti hiyo."

Wakacheka wote wawili, na alipojaribu tena, mezani huko wakasikia. Kabla ya jioni alikuja kuwaambia neno jipya: kila mtu atakwenda wiki tatu kwa zamu, apende asipende, na bosi mwenyewe zamu yake ipo. Atakayehitaji zaidi atabaki huko, hataulizwa. Mvuke atafundishwa kukata.

Mama Mkasi akamfundisha mpaka jasho likamtoka, akapanda basi.

Nyumba ya binti ilikuwa vyumba viwili juu ya duka la vioo, na sakafu ilitetemeka kidogo kila lori likipita. Mama akafua, akapika, akamkanda binti miguu iliyovimba. Akashona vinguo vidogo hadi binti akamwambia, "Mama, ni mtoto mmoja, si shule." Dereva alipokuwapo alimwita mkwewe Mama kwa heshima zote na akaosha vyombo bila kuambiwa. Yalikuwa mapumziko matamu, ila mtoto hakutoka. Siku aliyoitaja mkunga ikapita. Mtoto alikuwa amekaa mle ndani kama mpangaji aliyelipa kodi ya mwaka. Wiki tatu zikaisha yuko vile vile.

Ndipo Bi Zipu akapiga simu.

"Shoga, tumekwisha. Mvuke amekata mikono ya mashati, rundo zima, yote ya kushoto."

"Yote?"

"Yote. Tuna sare za watoto wasio na mkono wa kulia. Amekaa kwenye robota, anataka kulia. Wiki zako si zimeisha?"

Mama Mkasi akaliona kosa kama yuko pale: kitambaa kimelazwa chote uso juu, badala ya uso kwa uso. Akatoa begi chini ya kitanda, akaanza kukunja nguo. Binti akasimama mlangoni, mkono kiunoni. Alikuwa amelelewa vizuri, hakumwomba abaki. Akachukua kitenge cha mama yake, akakikunja naye, kisha akakikunjua, akakikunja tena.

Mama akaliona hilo. Hata hivyo akaketi, akampigia bosi kumwambia anakuja kwa basi la kesho.

"Mtoto amezaliwa?" bosi akauliza.

"Bado."

"Sasa unakuja kufanya nini?"

"Wiki zangu zimekwisha, baba. Na ile mikono ya mashati…"

"Zile wiki ni za lazima, Mama. Zinazofuata ni za haja. Wewe una haja au huna?"

Akamtazama binti yake. "Ninayo."

"Basi kaa. Sisi tutavaa mikono ya kushoto."

"Nipe Mvuke." Mvuke akaja, anapumua kwa nguvu. "Sikiliza, ndugu yangu. Usitupe hata kipande. Laza kitambaa kingine, uso chini, ukate rundo lingine lingane na hilo. Itatoka ya kulia. Utazioanisha."

"Kumbe," akasema Mvuke, na kwa mara ya kwanza wiki ile akasikika akicheka.

Begi likarudi chini ya kitanda. Lori la dereva lilikuwa mbali sana asubuhi ile uchungu ulipoanza, jua limeshapanda, na ni mama aliyeita teksi, mama aliyeshika mkono, mama aliyeambiwa na mkunga asogee kidogo ampishe. Akazaliwa mtoto wa kike mwenye sauti. Kwa wiki za Mzee, saa ile Mama Mkasi angekuwa mezani anakata kola. Aliliwaza hilo akiwa amemshika mjukuu, na likampita bila kumuumiza.

Siku zilizofuata alijikuta anaukumbuka mkasi wake. Hapakuwa na wa kumwambia rudi, na kujiambia mwenyewe kulikuwa kazi ngumu kuliko alivyodhani. Alikuwa akimwogesha mtoto kwenye beseni binti alipouliza, bila kumtazama:

"Unaondoka lini, Mama?"

Akafikiri, akamgeuza mtoto taratibu. "Kitovu kikidondoka."

"Basi kishone."

Mama Mkasi akacheka hadi maji yakamwagika sakafuni, akamfunga mjukuu kwenye taulo, akampa mama yake.