Funguo za Malimi

Kabla boti ya utafiti haijaondoka Igombe, fundi Elias aliwakagua watu vyuma. Mikanda, simu, hata pini ya kitenge cha Kija mpishi, vyote viliachwa ufukweni ndani ya ndoo. Elias alikuwa amekisuka upya kihisi chake cha sumaku kwa waya mwembamba kama unywele, ili kiweze kusikia boti ya abiria iliyozama na kufunikwa na matope.

Kija alitaka boti hiyo ipatikane. Mumewe Malimi, mtunza stoo, alizama nayo, na kule Usagara matanga hayajaanuliwa kwa kukosa maiti.

Walipofika katikati ya ziwa, mstari kwenye kompyuta ukatetemeka.

"Dada Kija, umebaki na chuma?"

"Nimebaki na meno tu, fundi."

Elias akakizungusha kihisi. Kikaelekea nyuma ya Kija, alipokuwa amekaa Malimi, shati linachuruzika, kama alivyokaa kila siku tangu azame.

"Kaka, mfukoni una nini?"

"Funguo za stoo ya majaketi ya kuokolea. Tajiri mwenye boti alisema abiria wanayaiba. Nifunge, nisimpe mtu ila yeye."

"Hata siku ile?" Kija aliuliza taratibu.

"Siku ile nilimpigia kuomba ruhusa. Hakupokea."

Kija akamkamua kola ya shati. "Nipe mimi, baba Queen. Nitamfikishia."

Malimi alifikiri, kisha akazitoa. Mtumbwi wa dagaa uliokuwa ukirudi ukazipeleka ufukweni, zikatiwa ndooni. Mstari ukatulia, na kabla ya mchana kihisi kikaisikia boti.

Maiti iliopolewa, Malimi akazikwa Usagara. Jioni yake alikuja mkavu, akala ugali kwa sato, akalala ubavuni mwa mkewe hadi jogoo wa kwanza.

Baada ya matanga Kija alikwenda Nyamagana, ofisini kwa tajiri.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Pole sana."

Alipoeleza funguo zilikotoka na simu ambayo haikupokelewa, mzee alitikisa kichwa, akashukuru. Kufuli la stoo lilikuwa limeopolewa zima na kufungwa kwenye boti mpya, iliyokuwa inaanza safari kesho yake.

"Vya zamani ni imara," alisema, akamwita Chenge, mtunza stoo mpya. Kijana akazipokea funguo, akazitia mfukoni.

Kija alimtazama. "Umeoa?"

"Mwezi ujao, dada."

"Mwambie mchumba wako, akikukamua shati aanze na kola. Ndipo maji yanapokaa."

"Nitamwambia," Chenge alijibu, akaenda kufunga stoo.