Homa ya Bondeni

Marsiana alikuwa muuguzi wa zahanati moja ukingoni mwa Ufipa, pale barabara inapoanza kuteremka kwenda bonde la Rukwa. Mwaka 1992 wilaya ilimtaka aandike kila aliyekufa kwa malaria, umri wake na alikotoka. Kufikia Mei alikuwa na majina arobaini na moja. Aliyasoma mara mbili, akaona jambo. Waliotoka bondeni, Kaoze na vijiji vya jirani, karibu wote walikuwa watoto wa kubebwa mgongoni. Waliotoka huku juu kwenye baridi walikuwa watu wazima wenye nguvu zao, wanaume waliokuwa wakishuka kununua mpunga tangu biashara ya mazao ilipoachiwa huria. Walirudi wazima, wakaugua siku kumi baadaye.

Romani, mdogo wake, alikuwa mmoja wa wafanyabiashara hao.

"Usilale kule bila chandarua," alimwambia. "Na ukirudi ukapata homa, hata ndogo, njoo siku hiyo hiyo."

Romani alicheka. "Dada, malaria ni ya watoto. Minza, mwenyeji wangu kule, asubuhi anatetemeka, jioni yuko shambani anavuna."

"Minza amekua nayo. Wewe damu yako haiijui."

"Haya, nimesikia."

Alirudi mwezi Juni na magunia yake, mzima. Wiki iliyofuata Marsiana aliitwa Sumbawanga kwenye semina ya siku nne, zahanati ikabaki imefungwa. Jioni ya siku aliyoondoka, Romani alianza kutetemeka. Upepo wa kipupwe ulikuwa mkali, na mkewe, Hellena, akadhani ni baridi tu. Alimkokea moto, akampa uji na aspirini.

"Dada akirudi nitakwenda," Romani alisema.

Siku ya nne hakumtambua mkewe.

Marsiana aliposhuka kwenye basi alimkuta Romani mlangoni mwa zahanati, kwenye machela. Alimtundikia dripu ya kwinini, akamwita kwa jina la utotoni. Romani alimtazama kama anayetazama mpita njia. Kabla ya adhuhuri alikuwa amekata roho.

Baada ya maziko Hellena alimfuata jikoni.

"Wifi, ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia."

"Mimi mbona hukuniambia?"

Marsiana alikuwa amemwonya mwanamume, akamsahau atakayemuuguza. Alikaa chini kwenye majivu, akalia hadi Hellena akaja kumshika bega.

Walipoanua tanga, wote wawili walizunguka nyumba za wafanyabiashara wa mpunga na kuzungumza na wake zao. Hellena ndiye aliyesimulia, kwa Kifipa, bila kuficha aspirini wala uji.

Msimu ule wanawake watatu waliwaleta waume zao zahanati. Wawili walipona. Wa tatu, Eustaki, alichelewa siku mbili, akafa, na Hellena akaenda kulala matangani kwa mjane wake.