Kikombe Mdomoni mwa Injini

Lori lilikwisha kuyapita makaburi na kuanza kupanda kilima cha mwisho kabla ya uwanda wa chumvi, Saturnina aliposema, kwa sauti ya mtu anayesifia mchuzi, kwamba leo injini inakwenda kwa furaha. Wala si ajabu, akaongeza, maana alfajiri ameipa kikombe kizima.

Eleuterio Choque hakuelewa mara moja. Mikono yake ilikuwa kwenye usukani, masikio kwenye injini, na macho kwenye mshale wa geji ya oili, ambao tangu watoke nyumbani alikuwa ameutazama kuliko barabara. Aliyeuliza kikombe cha nini ni mkewe, Benita, aliyeketi upande wa mlango.

"Cha pombe kali, cha nini kingine?" mama yake, Saturnina, akajibu. "Ile ya kwenye kopo."

Huko nyanda za juu hakuna safari inayoanza na kiu. Ardhi hupewa tone lake, na gari nalo hupata haki yake: bia kwenye magurudumu, majani ya koka juu ya boneti, pombe kidogo mbele ya taa. Eleuterio mwenyewe alikuwa ameitimiza kazi hiyo mbele ya majirani, bila kuruka gurudumu. Kwa hiyo akamuuliza mama mkwe wake, polepole, kikombe hicho alikimwaga wapi.

"Mdomoni. Siku tatu nimekuona ukimnywesha pale juu, kwenye kile kifuniko. Mimi nimmwagie magurudumu tu, kana kwamba hatujuani?"

Eleuterio akalisogeza lori kando ya njia na kuzima injini. Nyuma, magunia ya kinoa, nafaka ya huko, yaliyumba na kutulia pamoja na watu walioketi juu yake.

Lori lile lilikuwa la marehemu mume wa Saturnina. Lilikaa miaka minane nyuma ya zizi la llama, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva, na mnunuzi wa chuma chakavu alikwisha kuja mara mbili kulipigapiga ubavuni kama mtu anayechagua fahali. Eleuterio ndiye aliyeomba apewe msimu mmoja tu. Likifika Challapata na mavuno ya kijiji, likarudi, litakuwa kazi yake. Likifa njiani, mwenye chuma atalichukua, naye Eleuterio atavuka tena mpaka kwenda Chile kuchuma zabibu za watu, alikokwisha kumaliza misimu minne akilala bandani na kumwona mkewe mara moja kwa mwaka. Njia ya tatu haikuwepo.

Ndiyo maana aliichagua oili ile kama mtu anayechagua mchumba. Muuza vipuri wa Challapata, bwana mmoja mnene aitwaye Veizaga, alimtolea kopo la oili nzito kama asali na chupa mbili za dawa, moja ya kuua moshi, nyingine ya kuosha tumbo la injini kwa dakika kumi. Gari zee halina meno, Veizaga alisema, lipe uji mzito. Eleuterio alizishika zile chupa, akazipindua, akazirudisha. Alitaka oili ya dizeli ya kawaida, ile inayotiririka hata asubuhi ambayo ndoo ya maji imeganda, na filta mpya, basi. Veizaga akamuuliza kama gari lake limefunga saumu.

Nyumbani alilaza mgongo chini ya lori, akafungua bakuli la oili na kukuta tope jeusi, zito kama lami. Alilikwangua kwa mwiko wa Benita, na Benita akasema mwiko huo abaki nao mwenyewe, ndoa haifiki huko. Hakutaka dawa ya kuosha kwa sababu kidonda cha miaka minane hakibanduliwi kwa pigo moja. Gaga likitoka lote kwa mkupuo huziba koo la pampu. Akaijaza oili ya kwanza, akalizungusha lori taratibu hadi kisimani na kurudi, akaimwaga ikiwa nyeusi tii. Akajaza ya pili. Siku ya tatu akaongeza kidogo hadi kwenye alama. Oili nyingine haikuwepo, wala hapakuwa na duka lolote kabla ya Challapata, mwendo wa saa sita.

Sasa alisimama mbele ya boneti iliyo wazi, akachomoa kijiti cha kupimia, akakinusa. Kilinuka sherehe.

"Shemeji!" Teodosio, kaka yake Benita, aliita kutoka juu ya magunia. "Limekufa au limelala?"

"Limelewa," Benita akamjibu.

Huko juu kicheko kikapita kutoka gunia hadi gunia. Eleuterio hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu ya aina nyingine. Kuimwaga oili hakuwezekani. Kupanda kilima na oili iliyochanganyika na pombe kali kulikuwa kubahatisha, kwani oili iliyopungua uzito ni mkono usiozuia kitu, na vyuma vikishagusana havisameheani. Akatazama sufuria ya Benita iliyofungwa ubavuni mwa lori, na akakumbuka jambo ambalo kila mpishi wa huko hulilalamikia: kwenye nyanda za juu maji huchemka mapema, kabla hayajapata moto wa kutosha, ndiyo maana maharage hukaa jikoni tangu asubuhi. Ikiwa maji yana haraka hivyo, pombe itakuwa na haraka zaidi. Haikuhitaji kutolewa. Ilihitaji kufukuzwa.

Akamwomba mama mkwe wake shuka lake la mgongoni. Akaifunika rejeta nalo ili injini ishike joto, akamwamuru Teodosio azime sigara, ashuke na kukaa mbali na injini, kisha akawasha injini, akaiacha ingurume chinichini bila kuikanyagia mafuta. Akafungua kifuniko cha oili. Baada ya muda mvuke mwembamba ukaanza kupanda kutoka mdomoni, wenye harufu kali ya kumwamsha maiti.

Walikaa chini, upande wa jua, Saturnina akitafuna koka na Eleuterio akisikiliza. Injini ilikuwa na kelele zake zote. Valvu ziligonga kama wanawake wanaopepeta, na mahali fulani ndani kulikuwa na mkwaruzo mdogo ambao dawa ya Veizaga ingeufunika. Kila sauti aliijua ilikotoka. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hakuutazama mshale.

Akajikuta anamwambia mama mkwe wake. Lori la chama cha ushirika cha kijiji, lile lililokufa mikononi mwake miaka sita iliyopita, halikuuawa na dizeli chafu kama alivyowaambia watu. Lilikuwa linatoa moshi, naye akaona haya, akalitia dawa chupa tatu juu ya oili nzito. Moshi ukakoma, kelele zikanyamaza, akatamba kwamba amelitibu. Asubuhi moja ya baridi kali oili ilikuwa imeganda kama mafuta ya kondoo. Haikupanda, na yeye hakuingoja, vyuma vikagusana vikavu.

Saturnina alihamisha bonge la koka shavu la pili.

"Tunajua, mwanangu. Teodosio alizikuta chupa nyuma ya choo siku ile ile."

"Wote mnajua?"

"Hata padri."

Eleuterio aliinamisha kichwa. "Na bado ukanipa hili."

"Yule wa chuma chakavu alitaka kulikata vipande," mama mkwe akasema. "Wewe ulilikwangua kwa mwiko. Ningempa nani?"

Hapo ndipo kicheko kilipomtoka, kidogo kidogo, kama mtu anayekohoa kitu kilichomkaa kooni muda mrefu. Alicheka hadi Benita akaja kutazama. Wakati huo mvuke ulikuwa umekwisha. Akakichomoa kijiti tena, akakinusa, akampa mkewe naye anuse. Kilinuka oili ya moto tu. Akarudisha kifuniko, akaliondoa shuka, akamkung'utia mama mkwe vumbi na kumfunga mgongoni kwa mikono yake mwenyewe. Mshale ulisimama mahali pake, chini kidogo ya katikati, panapofaa kwa mzee wa umri ule. Lori lilipokanyagiwa mafuta lilitoa moshi wa kijivu, likaondoka nao waziwazi.

Walifika Challapata saa tisa alasiri, na kinoa ikapakuliwa kabla ya jua kuzama. Lori liliendelea kufanya kazi miaka saba, likila oili kidogo kila safari, hadi ekseli ilipovunjika, likauzwa. Veizaga alifunga duka na kuhamia kwa binti yake Cochabamba. Teodosio alikwenda Chile akaoa huko. Saturnina alifariki majira ya baridi ya tatu baada ya safari ile, na lori ndilo lililompeleka makaburini. Benita alipata mtoto wa kiume na baadaye wa kike. Eleuterio hakuvuka mpaka tena.