Zamu Thelathini na Nane

Kila aliyeulizwa Kanyoni alijibu thelathini na moja. Wazee walisema kaya ni thelathini na moja, vijana wakasema hivyo hivyo, hata mama mmoja aliyekuwa akimkimbiza mbuzi alilitupa jibu lile bila kusimama. Gwiza aliliandika, akapiga mstari chini yake, kisha likaanza kumkera. Watu hawakubaliani namna hiyo. Ndugu wa tumbo moja ukiwauliza wamezaliwa wangapi wataanza kubishana, sembuse mlima mzima?

Kanyoni ni kilima kidogo juu ya Kagugu, pembezoni mwa Kigali. Pikipiki hukufikisha lami inapokomea. Zaidi ya hapo ni ngazi za udongo na magoti yako. Gwiza alikuwa amejitolea kuandika historia ya kilima hicho kwa ajili ya kijitabu cha mtaa: nani alifika lini, walikuwa wangapi, sasa wamebaki wangapi. Mwenyekiti wa mtaa, Iradukunda, alifurahi kumpata mtu wa kazi ya bure, naye hakuuliza sababu.

Sababu ilikuwapo. Gwiza alizaliwa na kukulia Bukoba. Baba yake, Mugenzi, alipokuwa taabani kitandani alimwambia, "Sisi ni watu wa Kanyoni. Babu yako aliitwa Kalisa." Kesho yake akafariki. Sasa ulikuwa mwaka wa saba Gwiza anaishi Kigali na jina hilo moyoni, hajamuuliza mtu. Angeulizaje? Aliyerudi kutoka nje akitaja babu, wenyeji husikia shamba. Nyuso hubadilika, na chai huisha ghafla kwenye birika. Basi akaamua kupitia mlango wa nyuma: ahesabu watu wote, huenda wa kwake wakajitokeza humo.

Siku ya tatu aliliona daftari. Lilikuwa limetundikwa nyumbani kwa mzee Gasana, kando ya ingobyi, ile machela ya kusuka ambayo mlima huu umewashushia wagonjwa wake tangu enzi za mababu. Safari moja huhitaji wabebaji wanne, kila kaya ina zamu yake, na asiyebeba habebwi. Gwiza alizihesabu zamu kwa ncha ya kalamu, majina akiyaacha ayasome baadaye. Akarudia.

"Mzee, mbona humu ziko thelathini na nane?"

Gasana aliwahi kuwa utingo wa malori ya Mombasa, na Kiswahili alichookota njiani hakikuwahi kumwangusha. "Hiyo ni hesabu ya kitambo, mukobwa, binti yangu. Kaya iko thelathini na moja." Alilichukua daftari, akalifunga, akalikalia. Naam, akalikalia, mtu mzima na mvi zake.

Ukimficha kitu mtu mdadisi umempa kazi. Gwiza alizunguka mlima akizitafuta zile saba za ziada. Alihesabu mapaa, akahesabu moshi wa majiko, akamuuliza Akimana, jirani wa Gasana, ambaye alimpa ndizi mbivu na kuanza kuzungumzia mvua. Kila nyumba ilimkaribisha vizuri na kumtoa mikono mitupu.

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, watu wote wakiwa kwenye umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, wanazibua mitaro, bibi Mukamana aliteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa liliitwa, nalo lingeishia kwenye lami. Filimbi ikapulizwa, ingobyi ikaletwa. Sasa hapo pana desturi: zamu haisomwi kimoyomoyo. Mwenye daftari hulitaja jina la kaya kwa sauti, kilima chote kisikie, asipatikane wa kujificha nyuma ya migomba.

Gasana alitaja la kwanza, la pili na la tatu. Kabla ya la nne alimtazama Gwiza, akalitazama daftari, akamtazama Mukamana anavyougulia matopeni.

"Zamu ya Kalisa!"

Muhire, mwanawe Gasana, aliweka jembe chini akaingiza bega. Hakuna aliyeshangaa. Kalamu ya Gwiza ilianguka mtaroni, naye hakuiokota.

Aliwafuata hadi chini, huku Mukamana akiwagombeza wabebaji, "Munanibeba kama gunia ya viazi!" Gari lilipoondoka, alimwendea Gasana.

"Mzee, Kalisa ni nani?"

"Unauliza ya nini?"

"Ni babu yangu. Mugenzi alikuwa baba yangu."

Gasana alikaa kwenye jiwe polepole. "Mugenzi alikuwa mutoto ya mugongoni," alisema. "Walikimbia usiku, mwaka wa hamsini na tisa, watu wanauawa. Kalisa aliambia baba yangu amuchungie nyumba. Nyumba ikaanguka, tukalima shamba. Hapa Kanyoni, mwenye kulima shamba ya mutu anabeba zamu yake, na jina haifutwe. Iko saba. Ine walikimbia. Tatu, mwaka wa tisini na ine hakubaki hata mutoto mumoja." Alipangusa uso. "Ukisoma daftari, unajua nani analima ya nani. Ndiyo maana tunasema thelathini na moja."

"Mmembebea mara ngapi?"

"Mimi ishirini na sita. Muhire tisa. Ya baba yangu sijui." Akaonyesha bati la buluu mlimani, nepi za mtoto zimeanikwa mbele yake. "Ile ni nyumba ya Muhire. Iko kwa shamba ya Kalisa. Umekuja kuchukua?"

Gwiza alitaka kusema hapana upesi, lakini huo ungekuwa uongo. Bei za viwanja vya Kagugu nani hazijui? Alikuwa amekwisha kupiga hesabu zake, zaidi ya mara moja. Kilichomvunja ni kingine. Miaka yote hiyo alidhani yeye peke yake duniani ndiye aliyebaki na jina la babu yake, kumbe lilikuwa likiitwa hapa kwa sauti, na kila lilipoitwa mtu aliitika. Alilia mbele ya watu, wala hakuona haya.

"Nyumba ibaki," alisema. "Mimi naitaka zamu."

"Haiwezekane. Mwenye kulima ndiye anabeba."

"Basi tubebe pamoja. Na kwenye kijitabu nitaandika thelathini na nane."

"Na majina?"

"Na majina. Nani analima ya nani sitaandika."

Gasana alifikiri sana. Mtu ambaye mzee alimwogopa miaka sitini alikuwa amekwisha kufika, naye alikuwa akijifuta kamasi kwa ukingo wa kitenge.

Ingobyi tupu hurudishwa juu na walioishusha. Muhire alinyoosha mgongo, akamwachia Gwiza ncha ya mti. Gwiza alipoyumba, sauti ya mzee ilimjia kutoka nyuma.

"Bega ya kushoto, mutoto wa Kalisa. Na usikimbie, mulima haikimbizwi."