Mrija Ambao Pelagia Hakuushika

Wewe unayenisikiliza, umewahi kuona kesi ya mtu ikifia ndani ya chungu cha pombe? Mwamvua binti Hilali aliiona, Novemba ya mwaka sabini na tano, pale Kasulu. Na njia ya kile chungu aliifungua yeye mwenyewe, kwa kalamu yake, bila kujua.

Alikuwa wakili wa serikali, mwanamke wa miaka thelathini na mmoja, mtoto wa Mzee Hilali mwenye duka la vitambaa na mafuta ya taa hapo mjini. Kiha chake alikiokota utotoni kwenye kaunta ya baba yake, akipimia watu chumvi kwa kikombe cha bati. Akaenda kusoma sheria Dar es Salaam, akarudi mkoani, na kila lilipotokea jambo la mwanamke aliyeharibiwa, jalada lilisukumwa kwake. Wanaume wa ofisini walisema hayo mambo ya kina mama ayashike mama. Akayashika.

Jalada hili lilikuwa la Pelagia, binti wa Venanti, wa kijiji kipya cha njia ya kwenda Kibondo. Pelagia alikuwa na miaka kumi na tisa. Mwaka uliotangulia walitolewa mlimani kwao kwa lori la serikali, wakahamishiwa hapo, na migomba yao wakaiacha imesimama na mikungu yake. Kisha ikaja njaa, na serikali ikaleta ule unga wa mahindi ya njano, ambao watu waliuita yanga. Uliwekwa kwenye ghala la kijiji, na ufunguo akapewa mgawaji, Evaristi. Siku moja Pelagia alikwenda kuchukua unga wa kwao. Evaristi akamwambia asubiri wenzake waondoke, kisha akafunga mlango. Pelagia alitoka na unga kichwani, lakini sauti hakutoka nayo. Siku kumi na mbili hakusema neno, hadi mama yake, Theodosia, alipompeleka zahanati, na mganga akaandika alichokiona.

Hakuwa peke yake. Esteri na Immakulata, wasichana wa kijiji hicho hicho, nao waliandikisha polisi waliyofanyiwa na Evaristi, kisha wakaja na baba zao kuyafuta, mmoja baada ya mwingine. Akabaki Pelagia.

Hapo ndipo Mwamvua alipokosea. Alitaka Venanti ajiandae, asije akashtukizwa na askari mlangoni. Akamwandikia barua ya heshima, Ndugu Venanti, siku ya kesi ni fulani, tafadhali umlete binti, maana sasa kesi yote imebaki juu ya neno lake peke yake. Barua haikuwa na njia nyingine ya kufika ila kwa ofisi ya kijiji. Na katibu wa kijiji alikuwa Ildefonsi, kaka yake Evaristi, baba mmoja, mama mmoja.

Siku ya kesi mvua ilikuwa imejikusanya juu ya milima ya Burundi. Mwamvua alifika mahakamani mapema, vumbi jekundu limeshika pindo la sketi yake, akawakuta Venanti na mkewe kwenye benchi la nje. Aliwaamkia kwa Kiha, mwakeye, wakaitikia huku wanatazama chini. Pelagia alikaa ukingoni, miguuni pake pana furushi la kitenge lililofungwa mafundo mawili. Ng'ambo ya barabara lori la Kibondo lilikuwa linapakia magunia.

Akamvuta Venanti pembeni. Mzee akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, yenye alama ya dole gumba chini yake. Ilisema familia imesamehe, kesi ifutwe.

"Mwanangu," akasema, "nimekwisha kunywa."

Mwamvua alijua maana yake, kama kila mtu wa nchi ile anavyojua. Aliyekukosea akikuletea pombe ya upatanisho ukainywa naye chungu kimoja, neno limekufa. Ukilifukua, wanasema, linazika watoto wako. Venanti akaeleza taratibu, kama mtu anayehesabu maiti. Shamba alilokatiwa, amekatiwa na Ildefonsi. Yanga ya mwezi ujao anagawa Evaristi. Ana watoto wadogo watano. Na huyu Pelagia amepatiwa mahali, Kibondo kwa shangazi yake, yupo mwanamume mmoja mtu mzima aliyefiwa na mkewe, hana makuu, atamwoa hivyo hivyo alivyo. Lori linaondoka leo.

Mwamvua akamwuliza wale watu walijuaje kwamba amebaki Pelagia tu.

"Si barua yako?" Venanti akashangaa. "Katibu ndiye aliyenisomea. Mimi nijulie wapi kusoma?"

Wakili akazunguka nyuma ya jengo, akasimama karibu na pipa la maji ya mvua, akashika ukingo wake kwa mikono miwili. Esteri ameondoka, Immakulata ameondoka, na huyu wa mwisho yeye Mwamvua amemuuza mwenyewe, kwa barua yenye mhuri. Aliporudi mbele, Ildefonsi alikuwa ameshafika na wazee wanne. Akamsalimu kwa sauti ya kusikiwa na wote.

"Ndugu wakili, pole na safari. Mahari yako mwenyewe bado hatujaiona, nawe unatufundisha kulea mabinti?"

Wazee wakacheka.

"Mahari yangu iko salama, ndugu katibu," akajibu. "Haijawekwa kwenye ghala lenu."

Kicheko kikakatika. Lakini jibu zuri halifufui kesi, na yeye alilijua hilo.

Akaenda akakaa kwenye benchi, kando ya Theodosia. Hakuwa na la kumshawishi nalo tena. Akaanza kuuliza tu, kama mgeni asiyejua, maana kwao pombe haikuingia na chungu cha upatanisho hakuwahi kukiona kwa macho. Waliketi wapi? Theodosia akamwambia: chungu kiliwekwa penye nguzo ya kati, Venanti kwenye kigoda, katibu kwenye kiti alichokuja nacho. Mirija ilikuwa mingapi? Sita, mipya, ya matete, ingali ya kijani. Nani alianza kunywa? Evaristi, kuonyesha haina sumu, kisha Venanti. Na wewe? Mimi nilikuwa jikoni namenya mihogo. Na Pelagia?

"Pelagia alikuwa na mimi," Theodosia akasema. "Msichana aitwe kwenye chungu kufanya nini?"

"Kwa hiyo yeye hakunywa."

Theodosia alikuwa anakaza fundo la furushi. Mkono ukasimama. Akasema kwamba zamani, kule mlimani, shemeji zake waligombania mpaka na jirani, wakanywa, yakaisha. Lakini mdogo wao alikuwa safarini Uvinza. Aliporudi akaufufua ule mpaka, na wazee hawakuthubutu kumzuia, kwa kuwa mdomo usiokunywa haufungwi.

Akaendelea kulishika lile fundo, ila hakulikaza tena.

Wakaitwa ndani. Evaristi alisimama kizimbani na shati lililopigwa pasi, ananukia sabuni. Hakimu akaisoma karatasi ya Venanti, akatazama wingu dirishani, akauliza kama serikali ina la kusema. Mwamvua akasema karatasi ile ina dole la baba, na mlalamikaji ni mtu mzima mwenye dole lake. Aulizwe mwenyewe. Ildefonsi akaguna nyuma. Hakimu akamruhusu.

Pelagia akasimama mbele, mikono imeshika kitenge. Mwamvua alikuwa na maswali kumi na manne kwenye jalada, yote amekesha nayo: mlango, saa, nani alikuwepo, alipiga kelele au hakupiga. Akalitazama la kwanza. Akaona kwamba tangu zahanati, polisi, ofisini, hadi yeye mwenyewe, kila mtu alimwuliza msichana huyu alifanywa nini. Hilo tu.

Akalifunga jalada. Akauliza kwa Kiha, polepole, "Pelagia, wewe mwenyewe unataka nini?"

Matone ya kwanza yakagonga bati. Ng'ambo ya barabara dereva akapiga honi, mara moja, kisha mara ya pili, na Venanti akainuka nusu, kama mtu aliyeitwa. Theodosia akamshika mkono wa koti, akamketisha. Pelagia alikuwa anatazama sakafu. Mwamvua akadhani ndiyo basi, imekwisha, akaanza kutafuta maneno ya kumwomba radhi.

"Baba alikunywa," Pelagia akasema. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wa nyumba iliyohamwa. "Mimi sikunywa."

Wazee wanne wakageuka kutazamana. Ildefonsi akataka kunena, mmoja wao akamzuia kwa kidole.

Pelagia akainua uso, na safari hii akamtazama Evaristi.

"Mwaka jana nilipakiwa kwenye lori, sikuulizwa. Leo lori jingine liko hapo nje linanisubiri. Sihami tena. Nataka nikae kwa mama yangu, nipite njia ya ghalani kama watu wengine. Ahame yeye."