Doa la Njano Mlangoni

Siku wanakamati wa jengo walipokwenda kwa Fundi Makochi, walikwenda watatu, na walivaa kama watu wanaokwenda kuposa. Mbele Mwenyekiti, shati limepigwa pasi mpaka mikono imesimama. Nyuma yake Katibu, mama mcheshi ambaye simu haikumtoka mkononi hata akila. Wa mwisho Nesi wa ghorofa ya juu, ambaye wala si mwanakamati, ila walimchukua ili shughuli yao inuke dawa kidogo.

Fundi aliwakalisha kwenye kochi la mteja, lililokuwa bado halijavikwa kitambaa, sponji nje nje. Mwenyekiti alikaa ukingoni, akiionea huruma suruali yake.

"Kaka yangu," alianza, sauti ameishusha chini, "yaliyompata shemeji yetu hayatarudi tena kwenye jengo hili. Mimi nikiwa hai, hayatarudi."

Fundi alitazama sakafu. Shemeji mwenyewe alikuwa mkewe, na yaliyompata yalimkuta pale pale kwenye ngazi za jengo, mchana kweupe, Fundi akiwa kwa mteja. Kifafa kilimkamata na kapu la nguo mkononi. Watu walitoka milangoni wakajaa. Mmoja alimtia kijiko kati ya meno, mwingine alimmwagia maji, wengi wakakaa mbali wakisema povu lake lisiwaguse. Wa kumlaza ubavu hakupatikana. Fundi alipofika, mkewe alikuwa ameshafunikwa shuka la watu wengine, na Mwenyekiti alikuwa anapanga foleni ya kutoa pole.

Sasa kamati ilikuwa na mpango. Kila nyumba iseme nani anaumwa nini, ili akianguka mtu, wenye kujua wakimbie na msaada unaostahili.

"Na nani atajua?" Fundi aliuliza.

"Sisi watatu unaotuona hapa. Hata mke wangu simwambii."

"Huyo usimwambie kabisa," Katibu alidakia. "Huyo akijua, redio ya nini?" Akacheka peke yake, kisha akajishika kifua. "Mimi kaburi, kaka. Nikifunikwa nimefunikwa."

Nesi alitega sikio. Alikuwa akisikiliza kelele za chumba cha pili, ambako mwanawe mwenyewe alikuwa anaimba na wenzake.

Chumba hicho ndicho kilichomfanya Fundi asite. Binti yake alirithi sura ya mama, mwendo wa mama, na ugonjwa wa mama. Ila yeye dawa zilimkubali; tangu azianze hajaanguka. Baada ya msiba alilala kitandani akitazama ukuta, hasemi, hali, mpaka jirani mmoja akamwomba amshikie mtoto kidogo. Akaja wa pili, wakaja wengine. Sasa asubuhi alikuwa anaamka mwenyewe, anapanga viti vidogo vya plastiki, anacheka. Watoto walimwita Dada. Mama zao hawakujua lolote, na Fundi alikuwa akimwomba Mungu wasijue, maana aliona mbele bila kuambiwa: watoto wakiondoka, binti yake atarudi ukutani.

Lakini alikikumbuka pia kile kijiko.

"Binti yangu naye anacho kifafa," alisema. Neno lilimtoka kama msumari wa zamani unaong'olewa kwenye mbao kavu.

"Tumelipokea," alisema Mwenyekiti, "na limeishia hapa."

Mwenyekiti huyu, kabla ya kustaafu, alikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha dawa za kuua wadudu. Kule kila pipa lilikuwa na rangi yake: hili linalipuka, hili linaunguza, hili usivute hewa yake. Alistaafu stoo, ila stoo haikumstaafu yeye. Haukupita muda, Fundi akirudi na robota la kitambaa begani, akaukuta mlango wake una doa la njano, la mviringo, limepakwa kwa ustadi kwenye kona ya juu. Milango mingine nayo ilikuwa na madoa, mingine haina. Akalitua robota pale pale, akapanda ngazi.

"Kitu gani kile mlangoni kwangu?"

"Usalama," Mwenyekiti alijibu, bado ana brashi mkononi. "Nyekundu moyo. Buluu sukari. Kijani pumu. Njano... wewe mwenyewe unajua."

"Ulisema watu watatu."

"Na ni watatu, kaka. Uangalie mlango wako vizuri. Kuna jina la mtu pale? Kuna jina la ugonjwa? Rangi tu ile. Mpita njia atajua nini?"

Mpita njia alijua kila kitu, kwa sababu maana ya rangi zote ilikuwa imebandikwa getini. Mwenyekiti alimpa mlinzi maelezo hayo ili gari la wagonjwa likija aelekeze pa kwenda, na mlinzi, ambaye kibanda chake kilikuwa kinavuja ndani kote, akayabandika kwenye kioo kwa nje. Hakuna mkubwa aliyemkataza. Wakubwa wenyewe walipita hapo kila siku, wakasalimiwa, wakaitika. Kila aliyesimama kungoja geti lifunguliwe alisoma, kisha akapanda ngazi akikagua milango ya wenzake kama anachagua duka la kuingia.

Mtoto wa Nesi ndiye aliyeileta habari chumbani. "Dada," alisema, maziwa yamemchora masharubu, "doa lenu ni la watu wa kuanguka. Wewe unaanguka lini?"

Binti alimpangusa mdomo. "Nikipata nafasi," alijibu, na watoto wakacheka. Baadaye Fundi alimkuta jikoni ameshika sinki kwa mikono miwili, bomba amelifungulia mpaka mwisho ili kulia kwake kusisikike.

Fundi alichukua kisu chake cha kukatia ngozi, akalikwangua doa mpaka mbao ikatoka nyeupe.

Pengine yangeishia hapo. Lakini Katibu alipita, akaona mlango umechubuliwa, akaingiwa na huruma. Huruma ya kweli, si ya kuigiza, na hilo ndilo baya la watu hawa wanaotuongoza: huruma yao haina breki. Akaandika kwenye kundi la simu la jengo, ambalo kila mtu alikuwamo, hadi muuza mkaa wa nje ya geti:

"Habari za mchana wapendwa. Nyumba ya Fundi Makochi wamefuta alama ya kifafa. Kamati itairudisha kwa usalama wa binti yetu. Akianguka msimtie kijiko mdomoni. Mbarikiwe."

Vikafuata vidole gumba, vikafuata vikaragosi vya dua. Muuza mkaa aliandika, "Amina."

Fundi akampigia Katibu. "Futa."

"Jamani, kaka, nimekosea wapi? Mbona nimeandika kwa upendo?"

"Futa, mama. Futa sasa hivi."

Katibu akafuta. Ndipo Mwenyekiti, ili ionekane yuko kazini, naye akaandika: wote waliosoma taarifa iliyofutwa, inayomhusu binti wa Fundi, waisahau na wasiisambaze. Hapo wale waliokuwa hawajaisoma ndipo walipoamka. Ilisemaje? Binti yupi tena? Jamani, mbona tunaachwa gizani? Na mtu mmoja mwema, aliyekuwa ameihifadhi, akairudisha nzima nzima na maneno yake juu: "Hii hapa, kwa ambao hamkuiona."

Fundi hakujua kusoma kwa haraka. Alisoma neno moja moja, kidole kikifuata, na alipofika kwenye neno kifafa kwa mara ya pili alizima simu, akaendelea kuishika tu.

Watoto wakaanza kupungua. Mama mmoja alisema bibi wa mtoto amekuja, atakaa naye. Wa pili alisema mtoto ana mafua, na hayo mafua hayakupona tena. Wa tatu hakujisumbua kutunga kitu, alipita mbele ya mlango amemkaza mwanawe mkono, mtoto akageuza shingo akaita, "Dada!" akavutwa mpaka kiatu kikamvuka.

Akabaki mtoto wa Nesi. Fundi akaweka matumaini yake yote hapo. Huyu amesoma, alijiambia, huyu anajua kuwa povu haliambukizi. Kila asubuhi alipowaona mama na mtoto wanashuka ngazi, pumzi ilimrudi. Binti naye alimwimbia yule mmoja nyimbo zote alizokuwa akiwaimbia wengi.

Kisha siku moja Nesi akaja kabla ya muda wa kumchukua mtoto. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa.

"Kaka, mimi sio kama hao."

"Najua, dada yangu."

"Ugonjwa huu naujua. Na kwa kuwa naujua... Siku akikosa dozi, akaanguka amembeba mwanangu?"

"Amewahi kukosa?"

"Hajawahi."

"Na ulijua tangu siku ile mlipokaa hapa kwenye kochi. Ukaendelea kumleta."

Nesi alitazama viatu vyake. "Siku ile nilijua mimi. Leo watu wote wanajua kwamba najua. Likitokea la kutokea watasema, nesi mzima..."

Binti alitoka amembeba mtoto, mguu mmoja umevaa kiatu, cha pili amekishika mkononi. Alikuwa amesikia yote; nyumba yenyewe vyumba viwili na pazia. "Hajamaliza kulala," alimwambia Nesi. "Asipolala akashiba huwa anasumbua jioni. Mpakate kwanza." Akamkabidhi, akarudi ndani, akaanza kupachika viti vya plastiki kimoja juu ya kingine.

Fundi alikwenda kwenye mkutano wa wakazi, akanyoosha mkono mpaka ukamuuma, hatimaye akapewa nafasi. Hakuwa mtu wa maneno. Alisema, "Mliniahidi. Mlikaa kwangu mkaniahidi." Akakaa. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake mzuri, akasema kila mfumo mpya una changamoto ndogo ndogo, na mkutano ukaendelea na suala la takataka. Hilo lilijadiliwa kwa uchungu mkubwa.

Binti hakurudi ukutani. Aliamua kwenda kwa shangazi yake, upande wa pili wa mji.

"Kule hawanijui, baba. Nitaanza upya. Shangazi amesema pale jengoni kwao kuna watoto kibao na hakuna wa kuwashika."

"Na mimi?"

"Wewe una makochi." Alijaribu kutabasamu. "Utakuja kunitembelea. Ila mtu asijue nilipo. Mtu yeyote, baba, hata akija analia."

"Hata nikiulizwa ndotoni," Fundi alisema.

Pikapu ikapakiwa godoro, begi na viti. Getini mlinzi akaizuia. Sheria ya kamati: mzigo hautoki bila kusemwa unakwenda wapi, kwa sababu ya wezi.

"Unahamia wapi, dada?"

"Kwingine."

"Kwingine si mahali, mdogo wangu. Godoro haliendi kwingine."

"Ni godoro langu."

"Sijasema si lako. Nimeuliza linakwenda kulala wapi."

Nyuma yao magari mawili yalikuwa yanapiga honi. Fundi alikuwa bado anatafuta uongo wa kusema, na uongo haumjii mtu aliyekabwa, wakati dereva wa pikapu, ambaye alikuwa na safari nyingine ya kuwahi, alipotoa kichwa dirishani akataja mtaa, jengo na ghorofa, yote kwa pumzi moja. Mlinzi akaandika, akashukuru, akafungua.

Binti hakumlaumu mtu. Alipunga mkono mpaka pikapu ilipokata kona. Fundi akarudi ndani. Usiku hakulala kitandani, alilala kwenye kochi la mteja, sponji likimwasha mgongo, na asubuhi hakuona sababu ya kuamka. Aliamka kwa kuwa mteja alipiga simu.

Ilikuwa Jumapili alipopigiwa na binti. Fundi alikuwa anavuta kitambaa kwenye mkono wa kochi, misumari mdomoni. Akaitema yote ili aongee vizuri.

"Baba, nimepata watoto. Wameletwa leo hii hii, Jumapili, mama zao wana zamu. Unawasikia?"

Aliwasikia. Kulikuwa na mmoja anapiga kitu kama sufuria.

"Mmoja ana masikio kama yako, baba, nakuapia. Namwita Fundi." Alicheka, kicheko chake chenyewe kile cha zamani, cha kabla ya ngazi. "Hapa napita, watu wananisalimia tu. Wananisalimia, wanapita zao. We acha."

"Unakula?" Fundi aliuliza, kwa sababu lingine lisingetoka bila machozi.

Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya hewa. Mwenyekiti alikuwa anapita na familia yake, akasimama, akainua kidole kuuliza kama ni binti. Fundi hakuitika wala hakukataa.

"Ndiye? Msalimie sana." Mwenyekiti aliingia hatua moja. "Mwambie asihofu. Sisi hatumtupi mtu. Mlinzi alinipa mahali alipohamia, na mwenyekiti wa kule nilikuwa naye stoo miaka yote. Nimeshamweleza hali yake. Amesema leo leo anampelekea wenzake wamwone, na mlango wautie alama mapema."

Fundi aliibana simu kifuani. Kisha akairudisha sikioni haraka.

"Nani huyo, baba?"

"Sikiliza," Fundi alisema. "Sikiliza, mama. Usi..."

"Subiri kidogo, kuna watu mlangoni. Usikate."

"Usifungue. Unanisikia? Usifungue."

Hakuwa anamsikia. Simu ilikuwa imewekwa mahali, juu ya meza labda, na pale mezani ilikuwa inamletea kila kitu: sufuria ikinyamaza, miguu yake ikikimbia, komeo likivutwa.

"Karibuni," binti yake alisema. "Karibuni ndani, samahani kwa fujo."

"Asante, binti," ilijibu sauti ya mwanamume, ya upole kabisa. "Sisi ni wa kamati."